Usisaini Chochote, Bobini

Chumbani kwangu, 6 Februari

Kwako Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku mzima, isipokuwa mafua ya vumbi la saruji, ambayo sasa nimeyazoea kama ndugu. Natumaini miguu yako haijavimba, paka amepona, na Fundi Viatu bado anakaa upande wake wa kibaraza bila kuvuka mpaka. Msalimie, lakini usimsalimie sana, maana namjua atakavyofurahi.

Naandika barua kwa sababu nikikupigia simu unasema haloo mpaka salio linaisha.

Shangazi, nimechoka kubeba mifuko. Kila siku napakia malori ya watu, halafu dereva anapanda, anavaa miwani ya jua, anaondoka zake, mimi nabaki nikikohoa. Nimeamua. Nataka kuwa dereva wa lori kubwa, lile lenye tela. Najua unacheka. Maliza kwanza kucheka, ndiyo uendelee kusoma.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni Kampuni, ile yenye yadi huko nyumbani, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Wanakusomesha bure, wanakupa ovaroli na chakula cha mchana, na mtihani wanakulipia. Lakini unasaini mkataba wa kuwafanyia kazi miaka mitatu, na ukiondoka kabla ya hapo unarudisha gharama zote. Tena mwaka wa kwanza mzima unakaa kiti cha pembeni, chini ya dereva aliyekutangulia kazini, na neno lake ndilo neno. Akisema kaza mkanda, unakaza. Akisema nyamaza, unanyamaza.

Njia ya pili ni chuo cha binafsi hapa mjini. Unajilipia mwenyewe, unasoma, unapata leseni, na ukitoka huna bwana, unaajiriwa na umtakaye. Mwenye chuo anaitwa Kapteni, ingawa sijaona meli wala ndege. Tatizo ni ada. Akiba yangu inatosha kulipia mlango wa lori, si lori.

Nishauri. Na ukipata nafasi, pita pale yadini uwasikilize, maana wewe unajua kumsoma mtu. Mwezi huu ukiisha, nafasi zitakuwa zimejaa kote kuwili, na mimi nitarudi kwenye mifuko yangu.

Mwanao,
Bobini


Kibarazani, 19 Februari

Kwako Bobini,

Marahaba, na marahaba nyingine za siku zote ambazo hukuniamkia. Barua yako imefika imekunjwa ovyo. Mtu aliyelelewa na fundi cherehani hajui kukunja karatasi! Miguu yangu imevimba kidogo tu. Paka kumbe hakuwa mgonjwa, alikuwa na mimba. Amezaa watoto wanne na wote wanalala juu ya vitambaa vya wateja. Fundi Viatu amevuka mpaka mara mbili wiki hii, mara ya kwanza kuazima uzi, mara ya pili kurudisha uzi.

Sasa nisikilize. Kampuni hapana. Hapana ya kwanza, hapana ya pili, na hapana ya kufungia mlango. Hakuna mtu anayekulisha mchana kwa sababu anapenda kukuona ukitafuna. Miaka mitatu! Watakutuma usikokujua, utarudi nyumbani una ndevu mpaka kifuani, paka akukimbie. Na huyo wa kukuamrisha mwaka mzima ni nani? Kukuamrisha wewe ni kazi yangu. Nimeifanya tangu ulipokuwa unazunguka chini ya cherehani kutwa nzima mpaka tukakuita Bobini, na sijastaafu.

Nenda kwa Kapteni. Ada utakabidhiwa na binamu yake Fundi Viatu, yule kondakta wa basi. Usiulize imetoka wapi. Imetoka kwangu, basi. Jilipie, usome, uwe mtu huru. Usisaini chochote, Bobini. Hata daftari la wageni usisaini.

Yadini nitapita, lakini si kwa kuwasikiliza. Nakwenda kuwapasha. Watu wazima na akili zao wanatega vijana wa watu kwa ovaroli!

Ni mimi,
Shangazi yako


Chuoni, 15 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Ada imefika. Niliihesabu mara tatu, nikaipeleka chuoni mbio kabla haijayeyuka. Mungu akuzidishie. Hongera kwa paka.

Basi nimeanza! Chuo kina uwanja, kibanda cha ofisi, na lori. Lori lenyewe kubwa, jekundu, imara kupita kiasi. Tangu nifike sijaliona likitikisika hata siku moja.

Kapteni anasema tusiwe na pupa, msingi kwanza. Kwa hiyo kila asubuhi tunapanga viti viwiliviwili kama ndani ya lori, kila mmoja anashika mfuniko wake wa sufuria, tunaendesha. Juzi tulikwenda mbali sana. Tulipanda mlima, mvua ikatunyeshea njiani, na mwenzetu mmoja, zamani alikuwa kinyozi, akagonga ng'ombe. Kapteni alikasirika kikweli. Alimshusha kwenye kiti, akamnyang'anya mfuniko, akamwambia akamwombe radhi mwenye ng'ombe. Kinyozi alizunguka uwanja mzima hajui amwombe nani, mwishowe akamwomba radhi mlinzi.

Mimi nasifiwa kwa kona. Klachi bado kidogo, kwa sababu tofali tunalokanyaga kama klachi lina mwenyewe, na wakati mwingine anakuja kulichukua.

Kwa kifupi mambo ni mazuri na usiwe na wasiwasi wowote. Narudia, wowote. Je, ulipita yadini? Uliwapasha?

Mwanao,
Bobini


Kibarazani, 11 Aprili

Kwako Bobini,

Marahaba. Usinune kwa kuchelewa kwangu, nilikuwa nimebanwa. Paka wazima. Mmoja amehamia kwa Fundi Viatu, analala ndani ya buti la mteja, na mteja amekuja kulichukua mara tatu anaambiwa halijakauka.

Nimefurahi kusikia chuo ni kizuri. Hayo ya mifuniko sikuyaelewa, lakini nadhani ndiyo elimu ya kisasa.

Yadini nilikwenda, tena nimevaa gauni langu la kugombana. Mlinzi getini akaniambia, "Mama, panga foleni." Nikapanga, nikidhani ni foleni ya malalamiko. Kumbe mwisho wa foleni amekaa bwana mwenye koti jeupe, na ukutani kuna ubao wa herufi. Nikasema leo wanagawa miwani ya bure! Unajua nilivyokuwa nahangaika na tundu la sindano. Basi nikaahirisha ugomvi, nikasoma. Nilisoma kubwa, nikasoma ndogo, nikasoma mpaka jina la aliyechapa ule ubao. Yule bwana akavua miwani yake mwenyewe akaifuta. Akasema, "Mama, wewe unaona mbali kuliko vijana wote hawa, ila vya karibu ndivyo vinakusumbua." Akanipa miwani ya karibu, akanipa na namba, na mwingine akanitupia ovaroli.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo niwapashe. Lakini Bobini, niliiona ile ovaroli. Mguu mmoja mrefu kuliko mwenziwe! Zipu imepandishwa kichwa chini! Mfuko wa nyuma uko kiunoni, ukitia kitu lazima uombe msaada! Nikasahau kilichonileta. Nikaichukua nikaishone upya, maana siwezi kuiacha nguo katika hali ile kisha nikalala. Kesho yake naipeleka, wenzangu, yaani wale wanafunzi, wakanizunguka kila mmoja na yake. Kwa hiyo siku hizi nipo yadini mara kwa mara, kwa ajili ya mashono tu. Mashono tu.

Hebu nikuulize jambo, kwa udadisi. Mkishaunga kichwa na tela, nyinyi mnavuta mbele kidogo kuhakikisha limeshika kabla ya kukunja miguu yake, au mnakunja kwanza? Na upepo wa breki, mnasubiri mshale wa kipimo ufike wapi ndipo mwondoke? Si mimi ninayeuliza. Fundi Viatu alitaka kujua.

Ni mimi,
Shangazi yako


Chuoni, 2 Mei

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Fundi Viatu alitaka kujua? Fundi Viatu hana hata baiskeli!

Lile swali la mshale nilimfikishia Kapteni. Alitazama juu, akasema mshale ni mambo ya wawindaji, sisi tushike mifuniko. La tela nililijibu mwenyewe kimoyomoyo, ila jibu lenyewe sikulisikia vizuri.

Gia za lori letu ziko kwa fundi. Zitarudi wakati wowote. Mambo ni mazuri vile vile.

Sasa na mimi nina maswali. Fundi Viatu ameniandikia mistari miwili nyuma ya kipande cha boksi la viatu. Anasema unatoka asubuhi kabla jogoo hajawika, umevaa suruali, wewe Shangazi, suruali, na jioni unarudi unanuka dizeli na kuimba. Anasema pia ile cherehani kubwa haipo kibarazani tangu Februari, imebaki ndogo ile inayoruka mishono. Shangazi, cherehani kubwa iko wapi?

Mtihani wa leseni tumepangiwa tarehe kumi Juni, kwenye ule uwanja wa serikali ulio katikati ya mji wetu na wenu. Nikipita, mwenye malori ya mchanga hapa jirani ameahidi kuniajiri siku hiyo hiyo. Nisipopita, sijui. Sitaki kulifikiria. Niombee.

Mwanao,
Bobini


Kibarazani, 20 Mei

Bobini,

Marahaba. Wote wazima.

Fundi Viatu aangalie viatu. Alichopewa na Mungu ni nyundo na misumari, si darubini. Harufu ya dizeli ni dawa yangu mpya ya magoti. Suruali ni kwa ajili ya mbu. Kuimba ni haki ya kila mtu.

Cherehani iko kwa fundi, kama gia zako. Zitarudi pamoja.

Siku ya mtihani wako nitakuwa safarini kwenye mambo yangu ya vitambaa, kwa hiyo usinitafute na usishangae. Ila nikupe la mtu mzima. Kwenye kurudi nyuma, tazama vioo vyote viwili, usitoe kichwa dirishani kama kuku ndani ya tenga. Usukani uzungushe kidogo kidogo. Ukiona tela limepinda, usilazimishe. Songa mbele, nyooka, uanze upya. Si aibu. Mwenzetu mmoja alilazimisha akabomoa choo.

Yaani mwenzao. Nilisikia tu.

Ni mimi,
Shangazi yako


Chumbani kwangu, 14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za wengine tuziweke kando leo, maana wote tunaojuana tulikutana.

Nieleze nilivyoyaona mimi, ili usije ukasema nilikimbia. Sikukimbia. Tulikuwa tumekaa kwenye mstari sisi wa vyuo vya binafsi, tunasubiri zamu, na watu wa Kampuni wametangulia. Likaja lori refu, refu mpaka nikadhani ni mawili, linarudi nyuma polepole katikati ya mapipa. Nikasimama nione vizuri. Ndani ya kioo cha pembeni nikaona kilemba. Nikaona miwani. Nikaona ule mdomo unaoubana ukiwa unatia uzi sindanoni. Mungu wangu, miguu ikaamua yenyewe, nikajikuta nimechutama nyuma ya pipa la mwisho.

Lori likasimama. Honi ikalia mpaka ndege wakaruka. Halafu ikaja sauti yako, ile ya kuniita kutoka mwisho wa mtaa: "Bobini! Toka nyuma ya pipa, usinichafulie mtihani!"

Uwanja mzima ulicheka. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini. Na yule mtahini, badala ya kukukata alama, akaandika kitu na kusema kwa sauti kwamba tangu asubuhi wewe ndiye dereva wa kwanza kuona kuna mtu nyuma ya gari. Ulishuka unatembea kama mwenye mji. Nilitaka kukupigia makofi na nilitaka ardhi inimeze, vyote kwa pamoja.

Kisha ikaja zamu yangu, na hiyo uliiona yote. Ndiyo, nilimwuliza mtahini tofali liko wapi. Ndiyo, niliambiwa nirudi nyuma nikaenda mbele. Meza ile sikuiona. Chai yake nitamlipa.

Shangazi, sasa nakwambia ukweli wote, uniue. Lori la Kapteni limekaa juu ya mawe. Halina gia, halina injini, ndani yake kuku wanataga. Sikuwahi kukanyaga klachi ya kweli mpaka siku ile. Nilijua tangu wiki ya kwanza, lakini ningekwambiaje? Wewe ulikuwa umeshatoa ada, na moyoni nilikuwa nimeshahisi imetoka wapi. Kila nilipotaka kuandika naiona kona ya kibaraza iko tupu. Kapteni alipoona meza imeanguka alikumbuka ana msiba, akaondoka, na chuo kimefungwa kufuli. Mwenye malori ya mchanga ameajiri mtu mwingine.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hukunigombeza. Ulinitazama tu ukapanda basi la Kampuni. Ungenigombeza ningelala usingizi.

Nimerudi kwenye mifuko.

Bobini


Nyumbani, 30 Juni

Kwako Bobini mwanangu,

Marahaba, baba. Sikukugombeza kwa sababu ningeanza nisingemaliza, na basi lilikuwa linaondoka. Sasa nina nafasi. Mfuniko wa sufuria, Bobini! Miezi mitatu unazungusha mfuniko! Kwangu uliupata bure jikoni, na hukuwahi hata kuuosha! Haya, nimemaliza.

Na mimi nina yangu. Nilisaini. Mimi niliyekukataza daftari la wageni, nilisaini miaka mitatu kwa mkono wangu huu. Mara ya kwanza walinipakia ndani ya lori ili nishone kiti kilichochanika. Nimo ndani nashona, mwalimu wao akasema, "Mama, hebu kanyaga hapo tuone." Nikakanyaga. Lile dude lote likanguruma, chini yangu mimi, mtu ambaye kwa miaka yote amekanyaga pedeli akabaki pale pale kibarazani. Nilitokwa na machozi, nikasema ni vumbi. Nisingekwambia. Baada ya kuitukana Kampuni vile, ningeuweka wapi uso wangu?

Wenzangu wanauliza nimejifunzia wapi kurudi nyuma na tela, maana hilo ndilo linalowatoa watu jasho. Tela ukitaka liende kulia, usukani unaupeleka kushoto. Ukitaka liende kushoto, unaupeleka kulia. Nikawaambia hilo kwangu si geni, nimekulea wewe.

Cherehani niliiuza, ndiyo. Usilie. Ilikuwa yangu na niliiuza kwa hiari, na ningeiuza tena, ila safari hii ningekwenda kwanza kulitikisa hilo lori kwa mkono wangu. Na sikukutuma kwa Kapteni kwa ajili ya uhuru peke yake. Niliogopa, Bobini. Ulipohama, nyumba ilikuwa kubwa. Nikasema akisaini miaka mitatu ya barabarani, ndiyo basi, nitabaki naongea na Fundi Viatu mpaka nikubali kuolewa. Nilikuchagulia njia iliyonifaa mimi. Samahani.

Kwa hiyo safari hii siamui. Kujilipia si kubaya, kubaya ni kulipia tofali. Kipo chuo kingine kule kwenu, nimeuliza, malori yao yanatembea. Ukitaka hicho, mshahara wangu upo tuchange. Na Kampuni nayo si malaika: chakula cha mchana ni kile kile kila siku ya Mungu, ukiumwa wanakuuliza unaumwa mpaka lini, na miaka mitatu ni miaka mitatu. Wanachukua wengine Agosti. Chagua mwenyewe.

Ukiamua kusaini, soma kwanza mpaka herufi za chini kabisa. Miwani nitakuazima.

Shangazi yako


Chumbani kwangu, 12 Julai

Kwako Shangazi,

Shikamoo, dereva.

Kile chuo kingine nilikwenda. Nilimwambia mwenyewe naomba nione lori likitembea, akaliwasha, likatembea. Ni chuo kizuri. Lakini mshahara wako ni wako, umeutolea jasho, na wewe hujawahi kununua kitu kisichokuwa uzi.

Kwa hiyo nimechagua Kampuni, na nimechagua mwenyewe. Nimetumiwa mkataba, nimeusoma wote, hata pale panaposema ni marufuku kufuga mifugo ndani ya gari. Nimesaini. Nilikuwa nasikia sauti yako ikinikataza kutoka kibarazani.

Hofu yangu ni ile ya kiti cha pembeni. Nasikia wapo madereva wa kutisha, wasioruhusu hata kukohoa. Niombee nipate mpole.

Nakuja nyumbani Agosti. Usimwambie Fundi Viatu, nataka nimkute upande usio wake.

Mwanao,
Bobini


Njiani, kwenye kituo cha mafuta, 8 Desemba

Kwako Bobini,

Marahaba. Kikaratasi ulichoniachia kwa mlinzi wa getini nimekisoma nimesimama, nikakisoma tena nimekaa. Umepita! Na meza ya mtahini imebaki wima! Nilipiga honi hapa kituoni mpaka mwuza mafuta akadhani nina haraka, akaniwekea ya mtu mwingine.

Tangu Agosti tunapishana tu. Mimi naingia wewe uko uwanjani, wewe unarudi mimi nimeshatoka. Nakuta sahani umeosha na kitanda hujatandika. Nashukuru kwa sahani. Fundi Viatu anasema sasa nyumba ni yako na mgeni ni mimi. Amenishonea viatu vya kuendeshea, vizuri kweli, na amevileta akiwa amesimama upande wake wa mpaka. Nimemwambia nikirudi tutaongea. Usiulize tutaongea nini.

Sasa la muhimu. Mimi kiti cha pembeni nilikaa miezi miwili tu badala ya mwaka, dereva wangu mwenyewe akaenda kuomba nipewe gari langu, eti apumzike. Msimamizi wa safari aliniita, akasema, "Mama, hakuna kijana anayetaka kukaa kiti chako cha pembeni." Eti nawafutisha viatu kabla ya kupanda. Eti nawashonea vifungo mashati yakiwa mwilini, gari likiwa kwenye foleni ya mzani. Eti kuna paka. Yuko mmoja tu, na mkataba unasema mifugo. Paka si mifugo, ni mfanyakazi mwenzetu. Akaniuliza, "Sasa nikupe nani?"

Nikamwambia ninaye mmoja, nimeshamzoea, ukimwambia kulia anakwenda kushoto.

Basi ndivyo ilivyopangwa. Ulisaini mwenyewe, kwa mkono wako, ya kwamba mwaka mzima neno la dereva aliyekutangulia ndilo neno. Uliomba nikuombee upate mpole. Niliomba, mwanangu. Dua haikujibiwa.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho, kwa sababu kuanzia Jumatatu utakuwa karibu mno kuandikiwa, nitakuwa nakupigia kelele mwenyewe. Njoo na mto wako na blanketi. Njoo umekula. Mfuniko wa sufuria acha nyumbani.

Ukifika getini usitafute nafasi, panda upande wa kushoto, mfungulie paka dirisha, ufunge mkanda. Anayeendesha ni mimi.

Shangazi yako